Historia ya Enos Ooko, Msomi wa Kiebrania na Kiarabu

Waombolezaji wapenzi, wazee wa Dunga, wazee wa kanisa, walimu na majirani, historia hii inasomwa na Lorine, dada mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia.

Enos Ooko Ajwang alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1999 mjini Kisumu, mtoto wa tatu wa Mzee Mathews Ajwang, fundi wa mashua hapa Dunga, na Mama Nelima, mchuuzi wa omena, akabatizwa mwaka huohuo, na kabla hajatimiza miaka miwili madaktari wakagundua ana ugonjwa wa selimundu, wakasema asitarajiwe kufika kidato cha nne. Alifika. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2012 na wa kidato cha nne mwaka 2016, akiwa amelazwa mara sita katikati, kisha Septemba 2017 akajiunga na chuo kikuu jijini Nairobi kusomea Kigiriki, Kilatini, Kiebrania na Kiarabu, kanisa likapiga makofi likidhani limepata mchungaji, na jirani mmoja akauliza hao watu waliokufa zamani ataongea nao nini.

Machi 2020 chuo kilipofungwa kwa sababu ya korona, Enos alirudi nyumbani na mtihani wa Kiarabu ukimsubiri, akamwendea Mzee Abdulrahman, mshonaji wa kanzu mjini, wakawa wanasoma kila alasiri mbele ya cherehani, mzee akimsahihisha matamshi huku pini ziko mdomoni. Mama alipomwona akiandika kutoka kulia kwenda kushoto, alimwuliza kama mkono umeanza kuuma tena. Mama aliuliza. Wengine hawakuuliza. Kufikia Agosti habari ilikuwa imefika hadi mtaa wa Mamboleo kwamba mtoto wa Ajwang amesilimu, vijana wakamwita Sheikh Enos, naye akacheka, akawaambia cheo ni cheo.

Tarehe 6 Desemba 2020, baada ya ibada, aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, akawaeleza kwamba Kiebrania cha Zaburi na Kiarabu ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba maneno magumu ya kitabu cha Ayubu wasomi huyatafutia maana katika Kiarabu, wakamjibu kwamba wokovu hauhitaji Kiarabu, wakamwondoa kwenye darasa la vijana na kumzuia Meza ya Bwana hadi atubu. Katika kikao chote hakuna aliyefungua daftari la Kiarabu la Enos hata ukurasa mmoja. Kwa miaka minne na miezi minane aliketi benchi la nyuma kila Jumapili aliyokuwa na nguvu, sinia ya mkate ikimpita.

Alihitimu Desemba 2021, kazi ya fani yake hakuipata, akafundisha Kiswahili na dini katika shule moja ya sekondari, huku akitafsiri kitabu cha Ayubu kutoka Kiebrania hadi Dholuo, akafika sura ya thelathini na moja. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Mwaka 2023 wazazi wa mchumba wake Kageha, ambaye yuko hapa leo, waliomba barua ya kanisa kuthibitisha kwamba Enos ni mshirika, barua haikuandikwa, na harusi ikafia hapo.

Alilazwa tarehe 29 Julai mwaka huu kwa maumivu ya kifua, akatutoka Jumanne tarehe 5 Agosti saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na sita.

Juzi Alhamisi wazee wa kanisa walikuja nyumbani wakasema wako tayari kumzika, kwaya iimbe, mradi historia hii ibebe sentensi moja tu, kwamba Enos alitubu kitandani. Mzee Mathews akajibu kwamba hatamsingizia mwanawe wakati mwenyewe hawezi kujibu. Sentensi hiyo haimo humu. Ndiyo sababu asubuhi hii hamkusikia kwaya. Enos hakutoka katika kanisa lake, kwa hiyo hakuna wa kumrudisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Dunga waliochimba kaburi, walimu wenzake, Mzee Abdulrahman aliyekaa naye wodini siku zote saba, na wanakwaya tisa waliokuja bila sare, tumewaona, tafadhali sogeeni mbele, wimbo wa kaburini ni wenu.

Nenda kwa amani, Ooko wetu.