Chuma cha Reli

Ndani ya basi, fundi viatu alitega sikio tangu kijana wa jimu ya mazoezi, kifua kimeijaza fulana kama mguu kwenye kiatu cha mtoto, alipoanza kumsifia mama aliyeketi naye kwenye kiti cha mbele mashine yake ya kunyanyulia vyuma.

“Chuma kinapita kwenye reli, mama. Unakinyanyua toka chini, hakiyumbi. Hivi vyuma vya mikononi, visivyo na reli, vinavunja watu migongo bure.”

“Naijua,” mama akasema. “Mwaka mzima nilinyanyua kwenye hiyohiyo pale jimu kwenu, mkanipigia makofi. Halafu baba yangu akateleza bafuni. Nikamwinua kama mlivyonifundisha, akaniegemea upande mmoja, tukaenda chini wote. Nyonga yake ikavunjika. Binadamu hana reli, mwanangu.”

Hapo hata fundi, na domo lake lote, angenyamaza. Kijana wapi!

“Pole sana. Ila lazima ulikosea kukunja magoti. Mashine haina kosa.”

“Pole haiungi nyonga.”

Kijana akainuka ashuke, basi likafunga breki ghafla. Akapepesuka na misuli yake yote, akadaka bomba la juu.

“Shikilia hapohapo,” mama akamwambia bila kumtazama. “Baba alikuwa na mimi tu wa kushika.”