Ndoo Mbili za Ziwa Singidani

OBADIA: Haloo. Nani mwenzangu?

LOYCE: Shikamoo baba. Ni Loyce, niko Singida mjini. Simu ya jirani hii.

OBADIA: Marahaba mama. Mjukuu wangu Hana hajambo?

LOYCE: Hajambo, amelala mgongoni. Baba, eti gari lako Pijo linachukuliwa?

OBADIA: Sasa hivi. Watu wa chuma chakavu wako hapa na lori, wanafunga kamba.

LOYCE: Si ulisema Pijo 504 haina mpinzani Shelui nzima?

OBADIA: Nilisema miaka ishirini. Jana mimi na mzee mwenzangu Melkizedeki na Landrova yake tukapandisha mlima Sekenke, tumalize ubishi.

LOYCE: Lakini Landrova nzito. Yako inakwenda mia na hamsini, yake ikifika tisini milango inataka kung'oka—

OBADIA: Na mafuta, yangu inakunywa kwa adabu. Injini yake ina cc elfu mbili na mia mbili na ushei, yangu haifiki elfu mbili, na siku zote namwachia vumbi. Jana kona ya pili tu, mvuke. Inatokota kama maji ya ugali. Landrova ikanipita taratibu, mwenyewe anapiga honi.

LOYCE: Baba, na mbuzi hawaja—

OBADIA: Haloo? Umekatika?

LOYCE: Nipo.

OBADIA: Nikashuka nikaipiga teke. Mbele za watu. Nikamwambia, Melkizedeki umeshinda, gari langu limezeeka. Siku hizi Korola za Dubai zimejaa barabarani, nani ahangaike na—

LOYCE: Halijazeeka, baba.

OBADIA: Unajuaje wewe?

LOYCE: Juzi kwenye masomo ya jioni mwalimu katufundisha chumvi inavyokula chuma. Wenzangu wanaandika, mimi kalamu imenigoma.

OBADIA: Chumvi imeingiaje hapa? [Mkwaruzo] Ninyi, msiliburuze hivyo...

LOYCE: Siku ile ulipotuazima gari tumpeleke Hana hospitali. Lilichemka pale karibu na ziwa.

OBADIA: Mkaipoza rejeta kwa maji ya bomba. Mumeo aliniambia.

LOYCE: Fredrick alikwenda kulitafuta hilo bomba. Akachelewa. Mtoto anawaka homa, baba. Nikashuka na ndoo ya nepi. Aliporudi nikamwambia kuna mama kanipa maji.

OBADIA: Ukashuka wapi?

LOYCE: Singidani.

OBADIA: Maji ya ziwa?

LOYCE: Ndoo mbili.

OBADIA: Lile ziwa ni chumvi tupu, Loyce.

LOYCE: Nilijua hayanyweki. Sikujua gari nalo linadhurika.

OBADIA: Miezi mitano linachemka.

LOYCE: Kila ukisema linachemka, nabadili maneno. Nakuuliza habari za mbuzi.

OBADIA: Nami nikawa nakueleza habari za mbuzi.

LOYCE: Fundi akifungua rejeta ataona kutu. Pengine ni rejeta tu imeoza. Waambie wasiondoke nalo, baba, nakuomba.

OBADIA: Ninyi, fungueni kamba. Nimesema fungueni, gari haliendi. [Kelele za watu]

LOYCE: Baba? Umenisamehe?

OBADIA: Nimeipiga teke, mama. Pijo yangu.

LOYCE: Baba...

OBADIA: Melkizedeki huyu hapa, tangu asubuhi ananicheka. Mwambie ulivyoniambia mimi.

LOYCE: Vocha inaisha, nitapiga kesho—

OBADIA: Leo. Shika simu, Melkizedeki, ni mwanangu.

LOYCE: Shikamoo mzee. Gari la baba halijazeeka. Ni mimi nili—

[Tuut. Tuut. Tuut.]