Talaka ya Orville Tackett Iko Kaunti Gani?

Benchi ni la chuma, limepakwa rangi ya kijani, na liko chini ya ngazi za mahakama ya kaunti pale Millard, Ohio, upande ambao jua la Aprili hufika mapema. Watu watatu hulikalia kila asubuhi isipokuwa Jumapili, nami hujibanza pembeni nikipata nafasi. Wendell Boggs huitwa Sherifu, kwa sababu aligombea cheo hicho mara mbili na mara zote mbili wananchi wakamnyima. Cletus Humphreys huitwa Jaji; aliwahi kuitwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya ng'ombe aliyeibiwa, na tangu hapo sheria yote anaijua. Wa tatu ni Orville Dean Tackett, fundi bomba mstaafu, ambaye wenzake humwita Nyumbu, maana akishaianza kazi hasikii la mtu. Kahawa hutoka katika themosi ya Wendell, nyeusi kama lami. Jumanne hiyo Orville hakukaa. Alikuwa ameingia ndani kuomba leseni ya kumwoa Nadine Purcell, akatoka akiwa amekunja uso.

— Leseni iko wapi? Wendell akamuuliza. Tushaanza kunyoosha suti hapa.

— Wamenikatalia. Wanataka kwanza nakala ya hukumu ya talaka yangu na Donna, yenye muhuri wa korti. Nikapanda ghorofa ya juu kwa karani wa kesi. Nikampa jina langu, jina la Donna la ndoa, na jina lake la kwao, Sprague. Akapekua majalada ya miaka yote ile. Hakuna.

— Hakuna vipi?

— Hakuna kama hakuna, Sherifu. Tackett mwenye talaka hayumo katika kaunti hii.

Cletus akashusha kikombe chake cha karatasi.

— Basi wewe ni mume wa mtu, Nyumbu. Hongera.

— Nyamaza, Jaji. Mimi nimeachwa. Nililetewa karatasi kwa posta, nikatia sahihi, nikazirudisha siku ile ile. Baadaye ikaja hukumu.

— Karatasi zilisemaje?

— Sikuzisoma. Nani husoma kitu kama kile? Na hukumu nayo niliitupa kwenye pipa la kuchomea majani, bahasha na yote.

Sote tulijua habari ya Nadine. Nyumba yake imeuzwa na mwisho wa mwezi anatakiwa kutoka. Amemwambia Orville waziwazi, tena mbele ya mchungaji, kwamba hahamii kwa mwanamume bila cheti. Akikikosa, atakwenda Arizona kukaa na mwanawe, na hatarudi. Nadine si mwanamke wa kusema jambo mara mbili.

— Mimi najua ilikotokomea, Wendell akasema. Ghorofa ya chini ilijaa maji ule mwaka wa mafuriko. Niliona kwa macho yangu majalada yakielea kama bata.

— Yalikuwa majalada ya kodi, Orville akamjibu. Karani kaniambia. Ya talaka yapo ghorofa ya juu, na yote yamo.

— Karani atakwambia nini tena? Atasema tumepoteza?

— Sikilizeni, Cletus akaingilia. Kwanza, ulikuwa mwaka gani? Wa tisini na moja? Enzi za Jaji Thornbury. Sasa yule mzee alipenda kuvua samaki kupita kiasi. Mawakili walikuwa wakimfuata ziwani. Anatia sahihi hukumu juu ya goti, huku fimbo ya kuvulia iko mdomoni. Ngapi zilianguka majini? Yako iko chini huko, Nyumbu, imelaliwa na kambare.

— Jaji, wewe una wazimu.

— Sijamaliza. Watu husema alianza kuchanganyikiwa mwaka ule ule. Hakimu aliyechanganyikiwa sahihi yake haishiki. Maana yake talaka zote za mwaka ule ni bure. Kaunti nzima watu wanaishi na wake wa watu.

— Cletus, Wendell akasema polepole. Wewe na Marlene mliachana lini?

Cletus akaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

— Ni mwaka huo huo, Wendell akaendelea, anafurahi sasa. Kwa hiyo Marlene bado mkeo. Na Judy uliyemwoa baadaye, huyo ni nani? Na yule Pam wa Florida?

— Pam hatukuoana.

— Amshukuru Mungu.

— Mmemaliza? Orville akauliza, bado amesimama, kofia mkononi. Karani kaniambia nijaribu kaunti nyingine. Basi nitajaribu. Ohio ina kaunti themanini na nane, moja nimeshaitoa. Nitaandikia zote zilizobaki. Majina yetu mawili, mwaka, na kwamba nataka nakala yenye muhuri, si kivuli kitupu. Naanza na Adams, namaliza na Wyandot.

— Kwa herufi? Wendell akamshangaa. Anzia kusini, kwenye mto Ohio, kisha ukwee kaskazini kaunti kwa kaunti. Herufi zitakurusha huku na huku kama mpira.

— Barua hairushwi, Sherifu. Inakwenda kwa posta.

— Na mwisho wa mwezi je? Hao makarani watakujibu wakati Nadine ameshaota jua Arizona.

— Zisipojibiwa, nitakwenda mwenyewe. Nitalala ndani ya pikapu. Nimeshawahi kuchimba mtaro wa maji machafu chini ya shule nzima kwa koleo, mwezi Januari. Sishindwi na madawati ya makarani.

— Nadine mwenyewe anajua mpango huo?

— Atajua nikifika herufi ya D.

Wakati huo mama mmoja alikuwa ameshuka ngazi na kusimama karibu nasi, anahangaika kumfunga mbwa mdogo kibati kipya cha leseni ya kufuga mbwa shingoni. Sikuwa namfahamu. Baadaye niliambiwa ni Bi. Irene Kosciak, amehamia karibuni barabara ya Elm. Mbwa alikuwa amelala chali miguu juu, hataki, na yule mama alikuwa amesikia kila neno, kwa maana Cletus hasemi, hutangaza.

— Samahani, mzee wangu, akamwambia Orville bila kuinua kichwa. Huyo mkeo wa zamani, siku ile alipoondoka nyumbani, alikwenda wapi?

— Donna?

— Ndiye aliyedai talaka, sivyo? Si umesema karatasi zililetwa kwako? Mtu hufungua kesi kule anakokaa. Alikwenda kukaa wapi?

Orville akageuza kofia mkononi. Akamtazama Wendell. Wendell akatazama ndani ya themosi. Katika miaka yote hiyo benchini nimesikia habari za Donna mara nyingi: gari alilochukua, sufuria alizoacha, mbwa aliyeondoka naye. Mahali alikokwenda sikuwahi kupasikia.

— Alikwenda... Cletus akaanza.

— Wewe unajua? yule mama akamuuliza.

— Hapana, mama.

— Sikumuuliza, Orville akasema. Sikumuuliza yeye, wala mtu mwingine.

Mama akafanikiwa kufunga kibati, akatuaga, akaondoka na mbwa wake. Upande wa pili wa uwanja wa mahakama, mkabala na benchi, kuna duka la matairi, na mwenye duka ni Verlin Sprague, kakake Donna. Tangu talaka ile Orville hupeleka pikapu yake kubadilishiwa matairi mji wa jirani, na wakikutana posta hutazama ukutani wote wawili.

Orville akavaa kofia.

— Nyumbu, Wendell akamwambia, yule bado ana hasira.

— Haya.

— Na ana spana mkononi.

— Nimeona.

Akavuka barabara bila kutazama magari. Tukamwona kupitia kioo, amesimama mbele ya kaunta. Verlin hakuiweka spana chini. Walisimama hivyo muda, wazee wawili wenye mvi kama watoto walioshikwa na mwalimu, kisha Verlin akaanza kusema, naye Orville akainamisha kichwa akasikiliza. Cletus hakutoa maoni. Nadhani ni mara ya kwanza.

Aliporudi hakuja benchini. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu, tukamfuata.

— Kaunti ya Tolliver, akasema. Kwa shangazi yao, Opal. Donna alikaa huko miaka miwili, na kesi aliifungulia huko. Verlin alimpeleka mwenyewe kortini.

— Kasema nini kingine? Wendell akauliza.

Orville akatafuta funguo mfuko huu, akatafuta mfuko ule.

— Kasema Donna alipofika kwa Opal hakufungua sanduku lake la nguo. Alidhani nitamfuata. Akaliacha limefungwa mlangoni, mwezi mzima.

— Halafu?

— Halafu akalifungua. Nipisheni, Tolliver wanafunga saa kumi na nusu.