Ng'ombe wa Nyumba Ntobhu

Ndugu zangu, Bwana ametufikisha tena hapa, jina lake lisifiwe! Jumatatu moja, wakati wa kupalilia mahindi, nilimpoteza Chacha, mtoto wangu wa pekee. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisaka. Baba yake alishatangulia.

Matanga hayajaisha, shemeji yangu Marwa akasema nyumba isiyo na mtoto wa kiume inakufa, na shamba linarudi kwa ukoo. Akataka nifanye nyumba ntobhu: nitoe ng'ombe, nioe msichana, azae watoto wa jina la Chacha. Msichana walishampata. Ni Boke, yatima wa Nyambureti, aliyemaliza kidato cha nne akawa anakaa tu kwa mjomba wake.

Siku walipomleta nimwone, hakugusa chakula. Alikuwa anaitazama mashine ya kuchomelea ya Chacha pale kwenye kona. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Mama, hii kazi inafundishwa wapi?"

Ndugu zangu, nilikosa usingizi. Nikikataa, nitaondolewa shambani, na mjomba atamwoza Boke kwa mwingine. Nikikubali, nitamtazamaje huyu mtoto? Niliomba. Woga haukuondoka, lakini asubuhi nilipata nguvu ya kusema hapana. Ng'ombe wale wa mahari nikawauza, nikamlipia Boke ada ya chuo cha ufundi kule Mugumu.

Marwa alinicheka mbele ya watu. "Mama Chacha, umeuza wajukuu, umenunua moshi."

Tangu hapo, kila simu ilipoita nilidhani mjomba amekwenda kumtoa chuoni. Hakwenda! Hapo ndipo nilipouona mkono wa Mungu. Alinishika nikiwa bado naogopa. Ndugu zangu, kama unaye kijana asiye na mtu, usisubiri woga uishe. Mtegemee Bwana, umshike mkono huyo kijana.

Shauri la shamba bado liko kwenye baraza la ardhi, na mimi moyo haujatulia. Boke amemaliza chuo, anafanya kazi kwenye banda la Chacha. Alhamisi iliyopita, mvua za kulimia zimeanza, Marwa alikuja na plau iliyokatika. Aliitua mlangoni, hanitazami usoni. Akauliza, "Fundi yupo?"

Nikamwita Boke. Akamwamkia shikamoo, akavaa miwani ya Chacha, akawasha mashine.