Mlango wa Mgodi wa Popo

Nje ya duka la Kinyozi kuna benchi lenye mguu mmoja mfupi, na wanaolikalia kila asubuhi wanajua waegemee upande gani kahawa isimwagike. Siku hiyo Fundi Saa alifika akiwa hoi. Huyu ndiye aliyejipa mwenyewe jina la Bingwa, maana tangu binti yake akiwa mdogo alimsimulia jinsi alivyotamba kwenye michezo ya video ujanani. Binti sasa ni mwalimu, na hakusahau. Juzi alikuja likizo na zawadi: Michezo Hamsini ya Enzi Zile, yote ndani ya kimashine kimoja cha kuchomeka kwenye TV. Jioni ya siku hiyo alitaka amwone baba akimaliza mmoja tu, wowote autakao. Siku mbili nzima, kila binti alipotoka, Bingwa alijaribu kwa siri. Hali ilikuwa mbaya, na aibu ilikuwa inamnyemelea.

— Sema ukweli, — Kinyozi akamwambia. — Umefika hatua ya ngapi?

— Ya kwanza.

— Kwenye mchezo gani?

— Yote hamsini.

Mzee Karani, mstaafu aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini, akaweka kikombe chini taratibu kama yuko msibani.

— Hata ule wa magari? — akauliza.

— Huo ndio umenimaliza kabisa! Nilijiona peke yangu barabarani, nikajua wote nimewaacha. Kumbe nageuza kurudi nilikotoka.

— Na mpira je?

— Mpira nilifunga bao. Nikaruka, nikapiga kelele, nikavunja glasi ya mke wangu. Kumbe nimejifunga.

— Tatizo ni TV, — Kinyozi akatoa hukumu. — Zamani kioo kilikuwa kidogo, na adui naye mdogo. Wewe umenunua TV kama ukuta, adui umemnenepesha mwenyewe.

— Wapi! — Karani akadakia. — Mashine imemsoma umri. Ikikuuliza kama uko tayari, usiikubalie upesi. Iache isubiri foleni, itakuheshimu.

— Niliiacha nikala mpaka nikashiba. Kurudi tu kwenye huo Mgodi wa Popo, popo wakaniua palepale.

— Mgodi wa Popo? Si ungesema mapema! Huo niliumaliza nikiwa shule, bwana wee. Unabeba taa, unaruka mashimo, mwisho unakuta mlango wa kijani.

— Mwekundu, Mzee wangu, — Kinyozi akapinga. — Mimi niliumaliza mara mbili.

— Kijani! Naukumbuka kama jana!

— Usinifundishe! Mwekundu, na una kufuli!

Wakamgeukia Bingwa. Huo mlango hakuwahi kuuona hata ndotoni, lakini ulimi wake ulishazoea.

— Wote mko sawa, — akasema. — Ni kijani, ukiugusa unakuwa mwekundu. Mimi nilikuwa naufikia jicho moja nimefumba.

Wakaridhika wote, wakaongezeana kahawa. Hapo ndipo binti akatokea, kijitabu cha ile zawadi mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu! — Karani akachangamka. — Baba yako anatusimulia mlango wa Mgodi wa Popo. Sote tumeupita huo.

— Ndiye niliyekuwa namtafuta, — binti akasema. — Nimesoma humu. Michezo yote hamsini imebuniwa mwaka jana. Wameichora tu kwa mtindo wa zamani. Sasa huo mlango mliupitia wapi?

Kinyozi alikumbuka ghafla kuna taulo hajaanika. Karani alichungulia ndani ya kikombe, akaendelea kuchungulia. Bingwa alifungua mdomo atunge kitu, akamwona mwanawe anavyomsubiri kwa upole, akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

— Mwanangu, mimi sijawahi kucheza, — akasema. — Nilikuwa mdogo kuliko wote pale kwenye banda la michezo. Nilikuwa naangalia tu.

— Uliangalia michezo gani?

— Migongo. Watu walikuwa wengi, nilikuwa naona migongo yao tu. Walipopiga kelele, na mimi napiga.

Binti hakucheka. Alikishika kiwiko cha baba yake, akamsimamisha.

— Twende nyumbani, baba, — akasema. — Leo unakaa mbele.