Pakiti ya Kwanza ya Mama Chumvi

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu, asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake, niliyemfuata kuzaliwa. Wengi wenu mnanijua kwa cherehani yangu, maana nimewapunguzia suruali na kuwapanulia magauni. Watoto wa dada, ambao ni wanangu, waliniomba niandike maisha ya mama yao. "Mama mdogo ndiye mwenye maneno," walisema. Nikajibu sawa, ila nitaandika yote, na kwa mchapaji nitapeleka mwenyewe. Wakakubali bila kuuliza swali. Shauri yao.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1954, katika chumba cha uani cha nyumba ya baba yetu, fundi baiskeli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba alitoka tumboni amekunja uso, hadi mkunga akauliza, "Huyu naye tumemkosea nini?" Sura hiyo hakuiacha. Hakuwa mtu wa kuchekacheka ovyo, na naomba mlikumbuke hilo kwa sababu tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stendi ya malori kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Akiwa huko alianza kuuza karanga alizokaanga mwenyewe, akizifunga kwa kurasa za madaftari yake. Siku moja mwalimu wa hesabu alinunua, akala, akafungua karatasi vizuri, akakuta ni jaribio alilosahihisha wiki ile ile, limejaa mikasi myekundu ya kukosa. Akamwita mbele ya darasa. "Hesabu umekosa zote," akamwambia, "lakini karanga hizi, lo, umepata zote." Darasa zima likacheka, na mwalimu akawa mteja wake mpaka alipohamishwa. Dada hakuendelea na masomo baada ya darasa la saba. Aliyeendelea ni kaka yetu, kwa kuwa ni wa kiume, na hayo ndiyo yalikuwa mambo ya nyumbani kwetu.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Septemba 1976 na dereva wa lori la viazi, mtu mpole, mwenye sauti ndogo na mwili mkubwa. Walijaliwa watoto watatu, wavulana wawili na binti mmoja. Shemeji alipenda kututania kwamba yeye ameoa mke wa pili, na mke huyo ni karai. Viazi vilivyochubuka njiani, ambavyo wenye maduka walivikataa, alivileta nyumbani, na dada akavikata vyembamba, akavikaanga, akavitia chumvi. Ndipo krispi zilipoanzia. Watu walianza kumwita Mama Chumvi kwa sababu hakutumia kijiko. Alitupia chumvi kwa vidole vitatu, kutoka juu, na haikuzidi wala kupungua.

Sasa niwaeleze sheria ya nyumba ile. Kila alipoepua, pakiti ya kwanza haikwenda dukani. Iliwekwa mezani na watoto wake wakaila, yeye amesimama anawatazama nyuso. Mtoto akikunja uso, mafuta yanamwagwa, krispi zinamwagwa, kazi inaanza upya. "Nisichomlisha wangu simuuzii wa mwenzangu," ndivyo alivyosema, na hakuwa na hotuba nyingine zaidi ya hiyo. Asubuhi moja mtoto wa pili alitafuna, akatema. Dada hakuuliza. Alimwaga karai zima na gunia la krispi zilizokuwa tayari, shemeji ameshika kichwa. Ndipo ikagundulika kwamba kijana alikuwa ametoka kupiga mswaki, dawa ya meno bado i mdomoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kupiga mswaki kabla ya kuonja. Watoto wale walikwenda shule na harufu ya usingizi mdomoni, lakini krispi za mama yao mji mzima ulizila kwa amani.

Kutoka uani alihamia kwenye banda, na kutoka banda kwenye kiwanda mnachokijua, chenye mashine ya kukatia na tangi la kukaangia. Mtoto wake mkubwa ndiye aliyeleta wazo la kuweka picha ya mama kwenye pakiti. Mpiga picha alihangaika sana kumfanya acheke. Hatimaye shemeji alijigonga kichwa kwenye taa, dada akaangua kicheko, picha ikapigwa. Kicheko hicho ndicho mlichokiona kwenye pakiti miaka yote. Kilikuwa cha mumewe, si cha mteja. Shemeji alifariki mwaka 2003, naye dada, magoti yakimsumbua, aliwakabidhi watoto kiwanda mwaka 2011. Mkubwa akawa meneja, wa pili akashika mauzo, kitinda mimba akashika hesabu. Walijenga nyumba nzuri, kila mtu yake. Pakiti ya kwanza ikaacha kuja mezani. Dada alipouliza aliambiwa siku hizi kuna mtaalamu wa ubora. Akaanza kununua dukani kama mimi na wewe.

Jumapili moja mwaka 2019 wajukuu walikuja kumsalimia. Alifungua pakiti, akamnyooshea binti wa mtoto wake mkubwa. Mtoto akaweka mikono nyuma.

"Hutaki krispi za bibi?" dada akamuuliza.

"Mama amesema tusile hizo, bibi," mtoto akajibu kwa adabu zote. "Hizo ni za kuuza."

Nilikuwepo, nimekaa kwenye kochi na kikombe changu cha chai. Naapa sijawahi kuona mtu akizeeka ameketi vile vile. Dada aliifunga ile pakiti, akaikunja mara mbili, akawamenyea wajukuu machungwa.

Kesho yake aliingia kiwandani kabla moto haujawashwa. Alifunua tangi. Mafuta yalikuwa meusi kama ya gereji, na harufu yake ilibaki kwenye kitenge chake hata baada ya kufuliwa. Mkaangaji, mtu mzima mwenye familia, alitazama chini. "Mama, tumeambiwa tuongezee tu juu," akasema. "Tusimwage." Dada hakumlaumu. Alichukua sabuni ya unga ya kufulia, akaimimina yote ndani ya tangi, akakoroga kwa mpini wa fagio, kisha akavuta kiti akawasubiri wanawe.

"Mama, umetuua!" mkubwa alipiga kelele. "Unajua hasara uliyotutia?"

"Mna watoto saba kwa jumla," dada akamjibu. "Nani kati yao anakula hizi?"

Hawakumjibu siku ile, na hawajajibu mpaka leo. Walichofanya ni kumwambia mlinzi asimfungulie tena lango, na kuwaambia watu kwamba mama amechanganyikiwa. Mnakumbuka. Ninyi hapa, baadhi yenu, mlianza kumsalimia kwa sauti kubwa na polepole kama mtoto, na mwanamke yule alikuwa na akili timamu kuliko ukoo mzima. Aliumia. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake: "Kiwanda wachukue, lakini kichwa changu wanakinyang'anyaje?" Aliwaomba kitu kimoja tu, waondoe sura yake kwenye pakiti. Wakamwambia wateja wameizoea.

Basi akaanza safari zake za madukani. Aliingia, akasalimu, akazigeuza pakiti moja moja zitazame ukuta. Mwenye duka la kona alimuuliza, "Mama Chumvi, mbona unanigeuzia mali?" Akamjibu, "Nimechoka kuwachekea watu ninaowadhuru." Wanawe wakaona ndiyo ushahidi wa wazimu. Mimi nilimshonea mfuko wa kubebea miwani, tukawa tunakwenda wote. Nilizigeuza za rafu ya juu, asikofikia.

Moyo wake ulianza kushindwa mwaka 2022. Miguu ilivimba, akawa halali bila mito mitatu. Wanawe walilipa hospitali, hilo nalisema kwa haki. Walimtuma dereva na matunda, na matunda yalikuwa mazuri. Wao wenyewe walikuja siku za wageni wengi. Nina uchungu nao na nawapenda, niliwabeba mgongoni wote watatu, na yote mawili nitaondoka nayo. Marehemu alifariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, nimemshika mkono. Siku mbili kabla aliniambia, "Hawa wataleta maboksi kwenye mazishi yangu." Nikamwambia, "Dada, hata wao hawawezi." "Wakileta," akasema, "wafanye kama zamani. Pakiti ya kwanza, watoto wao."

Jioni ya siku aliyofariki, mkubwa alinijulisha kwamba kiwanda kitatoa krispi kwa waombolezaji wote, kwa heshima ya mama. Ndiyo hayo maboksi mnayoyaona karibu na hema, na sura yake inawachekea.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, kaka mmoja, na mimi.

Wanangu, mmemaliza kunisikiliza, sasa tekelezeni neno la mama yenu. Nitasimama hapa, sitasema kitu. Mmoja wenu afungue boksi, achukue pakiti moja, amlishe mtoto wake mbele yetu. Akila, nitawaomba radhi kwa kipaza sauti hiki hiki, na pakiti ya pili nipeni mimi. Kama hakuna atakayenyanyuka, basi kabla jeneza halijashuka rudisheni maboksi garini, na kesho muitoe sura yake. Ninyi wengine msiguse hata moja. Hizo ni za kuuza.

Dada, lala kwa amani. Huko ulikokwenda hakuna wa kukulazimisha kucheka.