Kiti cha Mguu Mbovu

Ndugu waombolezaji, majirani wema, na nyinyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa pa kukaa, familia imemtuma mdogo wa marehemu awasomee maisha ya kaka yake, naye anawaomba mumvumilie, kwa sababu mengi ya humu mnayajua, na moja mmelijua vibaya miaka yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1954, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alisikia msumeno kabla ya kusikia jina lake. Alianza shule ya msingi mwaka 1962 akamaliza 1968, hesabu alizipenda, imla ilimshinda, na mwaka uliofuata akapelekwa kwa seremala mmoja mkali kama pilipili, aliyempa ufagio badala ya randa, hata siku moja akarudi nyumbani akilalamika kwamba kaenda kutafuta useremala kapewa ufagizi. Lakini alivumilia, na mwaka 1975 akafungua karakana yake kwenye kona ya soko, akawa anatengeneza viti vya mbao vya kukunja na kuvikodisha kwenye harusi, mikutano na misiba, ndipo mji mzima ukamwita Fundi Viti.

Tarehe 21 Aprili 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, aliyekuwa akiuza vitambaa mlango wa pili kutoka karakana, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili, mwaka 1981 na 1984, na kitinda mimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1990, ambaye baba yake alimwita Bosi, kwa sababu kila aliporudi kutoka kazini alimkuta amekalia kiti chake, habanduki hata kwa peremende.

Sasa tuseme habari ya kiti, maana bila hicho maisha ya kaka hayasomeki.

Mwezi Agosti 1987 alifariki mwalimu mkuu mstaafu, aliyewafundisha nusu ya mlio hapa, kaka akapeleka viti vyote alivyokuwa navyo, na watu walipokwisha kuingia akaona kwamba kimoja, mstari wa mbele kabisa, mguu wake umepasuka, na kwa kuwa asingeweza kukitoa bila kuwaruka wafiwa, akachomoa leso yake nyeupe, akaifunga kwenye mgongo wa kiti, mtu asije akakaa akaanguka mbele ya jeneza. Hiyo ndiyo asili yake, waombolezaji, haina nyingine. Lakini watu waliona kiti kitupu na kitambaa cheupe, mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba hicho ni cha mwalimu mwenyewe, mwenzake akafuta machozi, na msiba uliofuata, wa muuza nyama, mjane akamwambia kaka asisahau kile kiti cha marehemu, isije ikaonekana mume wake hakupendwa. Mguu wenyewe alikuwa ameshautengeneza, kwa gundi na skrubu, kiti kikawa imara kuliko vyote dukani.

Kaka alicheka, akaeleza, mjane akamwona hana adabu. Msiba wa tatu akaeleza tena, mzee mmoja wa mtaa akamwambia, fundi, wewe shughulika na mbao zako, mwacha mila ni mtumwa, naye akauliza, hata mila ya juzi, mzee akanuna, na wateja wakaanza kukodi viti kwingine. Basi akanyamaza, maana mtu atashindana na nani, mji mzima, na alipokwisha kunyamaza kiti kikaota masharti, mwanzo kilikuwa cha kumkumbuka marehemu tu, baadaye kitambaa kikawa lazima kifungwe na mtu wa damu, ndugu wa tumbo moja wakanuniana kwa kugombea fundo, na baadaye tena, hakuna ajuaye nani alianza, ikasemwa kwamba atakayekikalia ndiye atakayefuata.

Tarehe 14 Julai 1996, kwenye msiba wa dereva jirani yetu, Bosi alichoka kusimama, akaenda zake mbele, akakikalia, miguu inaning'inia. Akina mama walipiga mayowe, shemeji akakimbia kumnyakua, na kaka akasema kwa sauti, mbele ya wote, mwacheni mtoto, hicho ni kiti tu, nimekitengeneza kwa mikono yangu. Mwezi Machi mwaka uliofuata Bosi alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akalazwa, akafariki tarehe 19, na daktari aliuandika ugonjwa wake vizuri kabisa kwenye cheti, lakini nani anasoma cheti. Watu walikuja kutupa pole, mkono unashika mkono, jicho liko kwenye kiti.

Shemeji hakumlaumu mumewe kwa neno hata moja, chai aliandaa, shati alipiga pasi, ila tangu mwezi ule hakukalia tena kiti chochote kilichotoka karakana ile. Kaka alimtengenezea cha mto, akamtengenezea cha mikono, akamtengenezea kifupi cha jikoni, vyote wakakalia wageni, mwenyewe yuko mkekani, hadi leo hii ambapo magoti yamemchoka na kuinuka kwake ni mpaka ashikwe mikono miwili. Iliuma, jamani. Na huku nje watu walikwisha kuacha kumwita Fundi Viti, wakamwita Mzee wa Kiti, wakawa wanampisha njiani kwa heshima ambayo hakuiomba.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akawa mtu wa kliniki kila wiki, na siku moja ukumbi umejaa, kiti kimoja tu kiko wazi, muuguzi ameanika taulo lake jeupe mgongoni mwa kiti, na mgonjwa wetu, miguu imevimba, akasimama kando ya kiti hicho mpaka akaanguka. Alipomsimulia mdogo wake alicheka hadi akakohoa, akasema, umeona, hata mimi, mimi niliyeufunga ule mguu skrubu, kisha kicheko kikakatika, akalia kama mtoto.

Mwezi Januari mwaka huu alituita, akaomba jambo moja tu, kwamba siku yake ikifika, kiti kile akikalie mke wake, mbele ya watu wote, ili mji uone, na mke mwenyewe aone, kwamba Bosi aliuawa na homa. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akatutoka.

Tulimweleza shemeji ombi hilo, tukalirudia, tukambembeleza. Akasema, kama kile ni kiti tu, basi mwanangu alikufa bure, niacheni na mkeka wangu. Tukamwachia mkeka wake. Wazee wakauliza kitambaa atafunga nani, watoto wakatazamana, na asubuhi ya leo aliyekifunga ni huyu huyu anayewasomea, anayeijua asili yake tangu leso ya kwanza, na alilifunga fundo amesimama kwa nyuma, asije akakikalia kwa bahati mbaya. Kiti hicho hapo. Mguu ni mzima. Mnaweza kuendelea kusimama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya figo waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliolala nasi siku zote hizi, mafundi wenzake mliolitengeneza jeneza usiku na mchana mkakataa malipo, na wapangaji wa viti, ambao leo mmefanya kazi yake bila yeye kuwasahihisha mistari.

Pumzika kwa amani, kaka, na huko ulikokwenda, ukimkuta Bosi amekalia kiti chako, usimwondoe.